Uhakiki: Seti ya kujiundia saa, na mlango inaokukataza kuufungua

Mwalimu mmoja wa fizikia, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuuliza swali ambalo limenikaa kichwani mwezi mzima. Klabu ya sayansi ya shule yake imechanga fedha, na wanataka kununua seti 10 za kujiundia saa ya mkononi ili wanafunzi "wajifunze saa inavyofanya kazi". Je, fedha hiyo itakuwa imetumika vizuri? Nilidhani ningemjibu kwa mistari miwili, maana saa niliyovaa ninapoandika haya niliiunda mwenyewe kwa seti kama hizo. Jibu limekuwa refu, basi bora ulisome na wewe.

Kama hujawahi kuziona: unaagiza mtandaoni, unaletewa kisanduku chenye kasha la chuma, uso wa saa (lile bamba lenye namba), mishale mitatu, mkanda, vifaa vichache vya kazi, na mashine. Mashine ndiyo saa yenyewe. Hayo mengine ni nyumba na nguo zake. Na mashine inakuja ikiwa imeshaundwa kiwandani, inadunda. Kwenye seti yangu ilikuwa NH35, ya kundi la Seiko la Japani, na ukizunguka kwa wapenzi wa mchezo huu utaikuta kila kona. Haitumii betri, inajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wako, ina vito 24, inapiga mara 21,600 kwa saa moja, na ikijaa inatembea kama saa 41 bila kuguswa. Ni mashine nzuri. Sina ugomvi nayo.

Nianze na sifa, maana zipo. Kazi ya kwanza ni kuuweka uso juu ya mashine na kupachika mishale. Inaonekana kazi ndogo mpaka ukutane na vipimo. Tundu la mshale wa saa ni milimita 1.5, la mshale wa dakika 0.9, la mshale wa sekunde 0.2. Hilo la mwisho ni kama nywele zako mbili tatu zikipangwa bega kwa bega. Unaushika mshale kwa kibano, umevaa lenzi jichoni, umezuia pumzi, unauteremsha juu ya kijiti usichokiona vizuri, halafu unaukandamiza kwa nguvu ambayo ikizidi mshale unapinda, ikipungua unadondoka keshokutwa. Mishale inakaa ghorofa kwa ghorofa, na miwili ikigusana tu, saa inasimama.

Wanaoonyesha kazi hii kwenye video wako kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Mimi niko Dar, mwezi wa pili. Ukizima pangaboi, jasho linadondoka juu ya uso wa saa. Ukiliwasha, mshale wa sekunde unaruka. Wangu uliruka. Niliupata baada ya dakika 40, umenasa kwenye soksi.

Halafu kuna kile kifundo cha pembeni unachokivuta ili kurekebisha saa. Kina kijiti kinachoingia mpaka ndani ya mashine, na kwenye seti kinakuja kirefu makusudi. Unakipima, unakata kidogo, unajaribu, unapiga msasa, unajaribu tena. Ukizidisha kukata, basi tena, unaagiza kingine. Nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara, na sijaona zoezi linalomfundisha mtu maana ya kosa la kipimo kama hiki kijiti. Wale wanaoandika "2.3 sm" bila kufikiri, hapa wangefikiri.

Kwa hiyo mikono inajifunza, na jicho linajifunza. Hapo mwalimu hajaibiwa.

Lalamiko langu la kwanza ni dogo, ila limenikera. Seti inatangazwa kuwa itakupa saa "ya kipekee, isiyo na pacha". Haya, nikafungua orodha ya nyuso za kuchagua, nikapitia moja moja. Karibu zote zinaiga saa ya mpiga mbizi, namba 12 juu, tofauti ni rangi. Mimi nilitaka uso wa saa za Kiswahili. Fikiria kidogo: sisi tunahesabu kuanzia asubuhi jua linapotoka, mshale ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja. Tofauti ni saa 6, na saa 6 ni nusu mzunguko kamili wa mshale mfupi. Maana yake kila namba inabadilishana nafasi na ile inayoitazama: 6 inapanda juu, 12 inashuka chini, 1 inakaa palipokuwa na 7. Alama za dakika hazisogei hata kidogo. Mashine nayo haiguswi hata skrubu moja. Ni suala la kuchapisha namba upya tu.

Wapo waliolimaliza kwa njia rahisi zaidi, kuitega saa nyuma kwa saa 6 wakaendelea na maisha. Inafanya kazi, isipokuwa kama saa ina tarehe. Hapo tarehe itabadilika saa kumi na mbili, ya asubuhi au ya jioni, kutegemea ulivyoitega. Ukiitega ibadilike jioni, utakuwa umepata saa inayokubaliana na wanaoanza siku mpya magharibi. Sijui kama kuna kiwanda kingeweza kupanga hilo makusudi vizuri namna hiyo. Mimi nilichapisha namba zangu kwenye karatasi ya kunata, na ukweli usemwe, ukiisogeza saa karibu na jicho unaona ni karatasi.

Sasa tufike kwenye mgogoro wenyewe. Siku ya pili baada ya kuifunga saa niliilinganisha na simu. Imekimbia mbele dakika 4. Siku ya tatu, nyingine 4. Watengenezaji wa NH35 wanasema inaweza kuchelewa sekunde 20 au kuwahi sekunde 40 kwa siku. Dakika 4 ni kitu kingine. Nikarudi kwenye kijitabu cha seti. Kurasa nzima za kupachika mishale, picha za rangi, na kuhusu upande wa nyuma, pale mashine inapodunda, sentensi moja yenye alama ya mshangao: usiguse!

Nikaenda Kariakoo kwa fundi saa, mzee mwenye meza yake barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Una nini?"

"Saa. Nimeitengeneza mwenyewe, ila inakimbia sana."

Akafungua mfuniko wa nyuma, akaisikiliza kwanza, halafu akatoa dira ndogo kwenye droo, zile za watoto wa skauti, akaisogeza karibu. Sindano ikacheza. "Ina sumaku hii. Umeifungulia nini?" Nikamtolea bisibisi iliyokuja na seti. Akaishusha juu ya skrubu zake, zikaiparamia kama nzi. Alicheka mpaka mteja wa jirani akageuka. Kisha akaiweka saa juu ya kijisanduku cha umeme, akabonyeza kitufe, akaiinua taratibu mpaka mkono wake ukafika usawa wa bega, akanirudishia. Kesho yake ilikuwa imewahi sekunde 11.

Wakati nalipa ndipo aliponiambia: "Umeipanga vizuri, mishale imekaa sawa. Lakini kutengeneza, hujatengeneza. Hata inavyotembea hujaijua."

Iliniuma kidogo, bana. Mtu anasoma shahada ya pili ya fizikia.

Basi hebu tuufungue huo mlango wenye alama ya mshangao. Nyuma pale kuna gurudumu dogo linaloyumba kushoto na kulia, linakwenda na kurudi mara 3 kila sekunde, ndiyo unapata mapigo 6. Linarudishwa na springi nyembamba iliyojikunja kama ile dawa ya mbu ya kuchoma. Christiaan Huygens alitangaza saa yenye springi ya namna hii mwaka 1675, na Robert Hooke akapiga kelele kwamba wazo lilikuwa lake. Muda wa kuyumba mara moja unategemea mambo mawili: uzito wa gurudumu na jinsi ulivyosambaa mbali na kitovu, na ugumu wa springi. Springi ikiwa ngumu, gurudumu linarudi upesi, saa inawahi. Si kwa uwiano wa moja kwa moja lakini: ni kwa kipeuo cha pili, springi ngumu mara 4 inaharakisha mara 2.

Sasa rudi kwenye dakika zangu 4. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo sekunde 240 ni kama asilimia 0.28. Ukirudisha hesabu, springi yangu ilikuwa imeongezeka ugumu kwa kama asilimia 0.56. Basi! Mizunguko ya springi ilipata sumaku, ikaanza kunasana, sehemu inayofanya kazi ikafupika, na springi fupi ni springi ngumu. Kile kijisanduku cha fundi kinatoa uga wa sumaku unaogeuka-geuka kwa kasi ya umeme wa ukutani, na kuiinua saa taratibu kunaufanya uga upungue polepole, hadi chuma kinapoteza mwelekeo wowote kiliokuwa nao. Ungempandisha mzee yule jukwaani angetoa somo la usumaku kwa dakika 5 na watu wangeelewa.

Na kuna joto. Springi ya chuma cha pua cha kawaida cha zamani, ikipashwa, inalegea. Saa yenye springi ya namna hiyo ilichelewa takriban sekunde 10 kwa siku kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Iache mezani Dar, kisha iache mezani Lushoto, utadhani ni saa mbili tofauti. Aliyetibu ugonjwa huo ni Mswisi, Charles Édouard Guillaume, aliyechunguza michanganyiko ya chuma na nikeli na kupata mmoja ambao karibu haubadiliki ugumu kwa joto. Alipewa tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Tuzo ya Nobel imejikunja ndani ya kile kisanduku, mwalimu wangu, na kijitabu kinasema usiguse.

Ndiyo maana nasema kasoro ya seti haiko kwenye mashine. Iko kwenye kuchagua cha kuonyesha. Hata sifa yake kubwa haisemi. Kuwahi sekunde 40 kwa siku ni kosa la chini ya asilimia 0.05, kwa kitu cha magurudumu na mafuta kinachorushwa huku na huku mkononi kwenye daladala. Nina vifaa maabara vya bei ya kutisha ambavyo havifiki hapo. (Ndiyo, saa ya plastiki ya betri inaishinda kirahisi, kioo chake cha kwazi kinatetema mara 32,768 kwa sekunde. Nalijua.)

Utaniambia: mzee alizidisha. Anayejenga nyumba hafyatui matofali, na tunasema amejenga. Kampuni nyingi za saa za Uswisi zimenunua mashine kwa kampuni nyingine na kuandika jina lao usoni, wala hawaombi radhi. Kwa upande wa pili yupo George Daniels wa Uingereza, aliyetengeneza saa karibu nzima kwa mikono yake na mwaka 1981 akatoa kitabu kinachoeleza hatua kwa hatua; kwa kipimo chake hakuna kati yetu atakayetumia neno "nimetengeneza" mpaka afe. Nakubali. Kuhusu neno hilo, naweza kubishana na mzee hata kesho. Ile sentensi yake ya pili ndiyo sina pa kuishikia. Mjenzi hafyatui tofali, lakini anajua kwa nini ukuta unasimama.

Kwa hiyo mwalimu, usinunue seti 10. Nunua 2. Bisibisi zake zitupe, au zipeleke maabara ya usumaku. Kabla hamjafungua chochote, wape wanafunzi wiki nzima ya kupima: saa ilale uso juu siku 2, uso chini siku 2, isimame kifundo kikiwa chini siku 2, na kila jioni saa ileile waandike tofauti na simu. Yangu inawahi 11 ikilala uso juu, 14 uso chini, na ikisimama inachelewa 2. Waulize kwa nini kitu kimoja kinakuwa na kasi tatu. Watafika kwenye msuguano wa ncha za mhimili na gurudumu lisilo na uzito sawa pande zote, bila kufungua skrubu hata moja.

Fedha itakayobaki, mpelekee fundi saa wa mtaa wenu. Atakuuzia mashine mbovu kwa mafungu, na ukimlipa vizuri kwa alasiri mbili atakaa na wanafunzi. Hizo wazifungue mpaka mwisho, wazipoteze, wazivunje, hakuna atakayelia.

Mimi nimeanza. Nilinunua moja kwenye kopo la mzee, ya kutia ufunguo kwa mkono, nikaifungua yote na kuirudishia Jumapili iliyopita. Imebaki skrubu moja juu ya sahani na haitembei. Jumamosi naipeleka barazani.