Herufi mpya kwenye bidoni, ni mafuta mazuri kwa moteri gani?

Bandugu, kuna wazo limeenea kila fasi: kwenye bidoni ya mafuta ya moteri, herufi ikiwa mbele zaidi, mafuta ni mazuri zaidi. Mimi nalipinga, lakini si lote.

Kwa moteri ya esansi, lina msingi. API, shirika la petroli la Marekani, ilianzia SA, mafuta yasiyo na dawa yoyote, yasiyofaa kwa moteri za kisha 1930. Ya mwaka 2020 inaitwa SP. Kitabu cha gari kikiomba SL, unatia SP bila shida. Hapo wameweza.

Taabu iko upande wa mazutu, na huko njo kwenye trakta, pompi ya maji na mashine ya kusaga mahindi. CI-4, ya mwaka 2002, ilitengenezwa kwa mazutu yenye sulfuri mpaka 0.5%. Sulfuri ikiungua inazaa asidi, na ndani ya mafuta kunatiwa dawa ya kuizima. Sawa vile chokaa kwenye udongo mchachu, walimu walituchosha nayo. Lakini dawa ile nayo ikiungua inaacha majivu.

Kisha Marekani ikashusha sulfuri ya mazutu mpaka sehemu 15 kwa milioni, magari mapya yakawekewa filtre ya moshi. Majivu yanaziba ile filtre. Kwa hiyo CJ-4, mwaka 2006, ikaweka mpaka: majivu yasipite 1%. Majivu kidogo maana yake ni nafasi ndogo ya chokaa. Kwao ni sawa, asidi ilishapungua. Sasa mashine ya kusaga isiyo na filtre, inayokunywa mazutu yenye sulfuri nyingi, inapata faida gani? Kati ya 0.5% na 15 kwa milioni ni zaidi ya mara 300! API yenyewe inasema: ukitumia CJ-4 na mazutu yenye sulfuri kupita 15, uliza mtengenezaji wa moteri muda wa kubadilisha mafuta. Nani anasoma maneno hayo nyuma ya bidoni?

Na desemba 2016 wakatoa mbili kwa mara moja: CK-4 na FA-4. CK-4 inaweza kushika nafasi ya zile za nyuma. FA-4 hapana, ni nyepesi zaidi, ya kupunguza matumizi ya mazutu kwenye moteri fulani za kuanzia 2017. Mtu anayepanda herufi sawa ngazi atafika kwenye F, atie kwenye trakta ya zamani, vyuma vianze kusuguana. Hilo mimi naliita kosa la waliopanga majina, si la mnunuzi.

Kabla ya kulipa, angalia kitabu cha moteri. Kikiandika CI-4 na mazutu yenu ni ya mashaka, CI-4 ya kweli inatosha. Ukikosa, chukua CK-4, lakini usingoje masaa mengi kuibadilisha.