Mikono Nyuma

Nilianza kwa kumtazama mikono binti aliyekuwa akitufundisha. Alikuwa ameifunga nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua wanafunzi mstarini, na hakuifungua kwa saa nzima. Tulikuwa wahadhiri kama kumi na wawili, wengine maprofesa wa miaka mingi, kila mmoja na kompyuta mpakato yake, tukihangaika kuingiza kozi zetu katika Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Mzee mmoja wa sosholojia, aliyewahi kufundisha watu ambao leo ni mawaziri, akabofya pasipostahili na ukurasa wake wote ukatoweka. Akaisukuma kompyuta mbele ya binti yule: "Mwanangu, hebu niwekee tu."

Yeye akainama kidogo, mikono bado nyuma. "Profesa, naomba unisomee kilichoandikwa pale juu, mkono wa kulia." Mzee akasoma. "Unadhani ukikibofya kitafanya nini?" Mzee akanyamaza, akafikiri, akajibu kwa sauti ndogo isiyo ya ukumbini, akabofya mwenyewe. Ukurasa ukarudi.

Kumfanyia kungemchukua sekunde mbili. Kutomfanyia kulimchukua dakika sita. Ninachotaka kukisifu hapa ni zile dakika sita.

Fundi wa kompyuta tuliyemzoea huja, hukuomba kiti, vidole hukimbia juu ya kibodi, kisha husema "tayari mzee" na kuondoka. Kesho unamwita tena kwa jambo lilelile, na aibu yako imeongezeka. Binti huyu, ambaye chuoni wengi humwita "yule dada wa TEHAMA" bila kujua cheo chake, alikataa njia hiyo tangu mwanzo. Nilimuuliza sababu. Akacheka: "Nikishika kipanya, kozi inakuwa yangu."

Kozi hizo ni za wanafunzi walio mbali, na kumfundisha mtu usiyemwona si jambo jipya kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa mwanzo, waliotawanyika mikoani, walisoma kwa vitabu vilivyochapwa huku wakitegemea vituo vya mikoa kwa msaada. Hata Moodle yenyewe ina asili ya namna hiyo. Aliyeibuni, Martin Dougiamas, alikulia katika jangwa la Australia Magharibi na utotoni alipata masomo yake kwa redio. Toleo la kwanza alilitoa Agosti 2002. Napenda kuamini kwamba mtoto aliyemsikiliza mwalimu kupitia redio yenye mikwaruzo hakusahau jinsi inavyokuwa kukaa upande wa pili wa umbali.

Na upande huo wa pili ndio binti yule anaoutumikia, hata anapokuwa chumbani na maprofesa.

Katika droo ya meza yake kuna simu janja ya bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni. Si mbovu na wala hakuisahau humo. Ni kitendea kazi. Mhadhiri akishamaliza kupanga kozi yake na kuifurahia kwenye skrini kubwa, anakabidhiwa simu ile, imeunganishwa na bando dogo, aifungue kozi yake kama mwanafunzi. Niliwahi kumwona bwana mmoja akisubiri slaidi zake mwenyewe zifunguke. Alikuwa amezijaza picha alizopiga kwa simu ya kisasa, kila moja ikiwa na uzito wa megabaiti tatu au nne. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Binti yule hakusema neno. Alisubiri naye, akitazama kiduara kwa heshima zote, mpaka bwana akauliza mwenyewe: "Hizi picha zinaweza kupunguzwa?"

Zinaweza, na jicho lisitambue tofauti. Hapo ndipo akamwonyesha, mikono nyuma, jinsi ya kuzishusha hadi kilobaiti mia mbili au pungufu. Akamweleza pia kwamba saa moja ya mkutano wa video inaweza kula mamia ya megabaiti, wakati saa hiyohiyo ya sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kiasi, haifiki thelathini. Nimehudhuria semina nyingi za teknolojia ya elimu zilizoanza na maneno kama "mapinduzi" na "mageuzi". Sikumbuki hata moja iliyoanza na bei ya bando.

Gilly Salmon, aliyefundisha katika Open University ya Uingereza, alitoa mwaka 2000 kitabu kinachogawa safari ya mwanafunzi wa mtandaoni katika hatua tano. Ya kwanza ni kuingia na kutiwa moyo. Ya pili ni kujuana. Masomo yenyewe huja baadaye. Ukiiona kwenye mchoro, nadharia hiyo inaonekana nyepesi mno. Binti yule huitekeleza kwa swali moja. Wiki moja kabla ya kozi kuanza, kila mwanafunzi hutakiwa kuingia kwenye ukumbi wa majadiliano na kuandika sentensi moja tu: uko wapi, na je, mvua imenyesha huko? Nilidhani ni mazungumzo ya kupoteza muda. Kumbe sentensi ile inapima mambo matano kwa mpigo: nywila inafanya kazi, ukurasa umeonekana, mtu anajua kuandika humo, anajua kutuma, na yupo anayemjibu. Naye humjibu kila mmoja kwa jina: Njombe poleni na baridi, Kigoma vipi hali ya ziwa. Jioni anaichukua orodha ya waliokaa kimya, anaanza kuwapigia simu mmojammoja.

Simu hizo ndizo chuo chake cha pili. "Madam, mfumo umenikataa." Hamwambii mtu kwamba amekosea. Huuliza anachokiona, si alichokifanya, maana mtu mwenye hofu hakumbuki alichofanya lakini anaweza kusoma kilicho mbele yake. Mara nyingi kosa ni dogo: herufi ya kwanza ya nywila imeandikwa kubwa, au nafasi tupu imebaki mwishoni. Kwa macho yake mwanafunzi ameandika nywila sahihi mara kumi na imekataliwa mara kumi, na sasa anaamini chuo kimemfukuza.

Kabla ya mtihani huwapa jaribio lisilo na alama, kisha huwaagiza kitu nilichokiona kama wazimu: katikati ya jaribio, zima data. Subiri dakika mbili. Washa, rudi. Moodle huhifadhi majibu ya jaribio kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo wanayakuta palepale. Angeweza kuwaandikia jambo hilo katika mwongozo wa kurasa ishirini, na kuna vyuo vinavyofanya hivyo. Lakini aliyewahi kukatikiwa na mtandao kwa hiari yake hapigi kelele unapokatika bila hiari.

Mimi mwenyewe nilimpa kazi. Niliweka tarehe ya mwisho ya insha: Ijumaa, 00:00. Kichwani mwangu hiyo ilikuwa saa sita usiku, Ijumaa ikiisha. Mfumo ukaifunga Ijumaa inapoanza, na wanafunzi waliotegemea siku nzima wakaamka na mlango umefungwa. Bibi yangu aliposema usiku wa Ijumaa alikusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwake siku ilianza jua lilipozama. Kwa usiku huo kompyuta, kumbe, inakubaliana na bibi. Mimi msomi ndiye niliyekuwa peke yangu.

Nilimpigia nikitegemea lawama. "Dokta, saa hiyo imewala wengi," akasema, na akasubiri kwenye simu nikirekebisha kwa mkono wangu. Kisha akanipa kanuni yake: usifunge kazi usiku wa manane, wakati hakuna wa kupokea simu. Funga 17:59, na uandike kwa maneno kwamba ni saa kumi na mbili kasoro dakika moja jioni, asitokee mtu akaisoma kwa saa nyingine. Tangu siku hiyo sijapokea hata lalamiko moja la saa.

Siwezi kusema hana dosari. Ni mpole mno kwa wakubwa, na mafunzo yake hayamaliziki kwa muda uliopangwa; hata mimi nimewahi kunung'unika nikitazama mlango. Wakuu wanapenda takwimu za waliohudhuria, na kwa kipimo hicho yeye hushindwa na yeyote anayesoma slaidi mbele ya watu mia mbili. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, mafunzo ya namna hiyo yalifanyika kwa haraka katika nchi nyingi. Waliosomewa slaidi walipata vyeti. Yule mzee wa sosholojia hana cheti, ila kozi yake huipanga mwenyewe hadi leo, na muhula uliopita nilimkuta akimwelekeza kijana wa idara yake. Mikono ilikuwa nyuma.

Nina ombi moja kwa wakuu wa vyuo. Katika muundo wa utumishi mtu huyu yumo miongoni mwa mafundi wa mashine, na wale wanafunzi wa Njombe na Kigoma anawapigia kwa vocha yake. Mpeni bajeti ya simu.