Mafundi wa Magari ya Ndala

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hazina reli, na matofali ya plastiki ya kuunda treni za kuchezea ni ghali. Basi watoto wa huko huunda, kwa vitu vilivyotupwa, wanachokiona: malori ya kwenda Sirari, magari ya watalii yanayopita Mugumu. Bodi ni dumu la mafuta ya kula, ekseli ni spoku ya baiskeli, matairi yamechongwa kwenye ndala zilizokatika.

Kazi yenyewe iko kwenye mota, iliyong'olewa kwenye redio kaseti mbovu. Ina kasi mno lakini haina nguvu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, inanung'unika tu. Basi fundi, ambaye pengine yuko darasa la nne, hukata mkanda mwembamba wa tyubu na kuuvusha kutoka ncha ya mota hadi kwenye kifuniko cha dumu kilichokazwa kwenye ekseli. Kasi inapungua, nguvu inaongezeka. Mkanda ukilegea unateleza. Ukikaza sana, mota inagoma. Anausogeza kwa ncha ya kidole mpaka ukubali. Akitaka rivasi, anageuza betri.

Sisi wakubwa humwita mtundu, tukamtuma dukani. Redio ikianza kukoroma jioni, ndiye tunayempelekea.