Salama, Ila Ndio Hivyo: Kuusoma Upya Wimbo wa "Nionapo Amani"

Siku tuliyomzika baba, mama alikaa kwenye mkeka chini ya turubai, khanga kichwani, akipokea wageni. Kila aliyefika aliinama, akamshika mkono, akauliza, "Mama, habari za hapa?" Na kila mara mama alijibu, "Salama." Kisha ananyamaza kidogo, anaangalia chini, anamalizia: "Ila ndio hivyo."

Niliyasikia majibu hayo labda mara mia siku ile. Sikuyatilia maanani. Ni Kiswahili chetu cha kila siku: unaanza na salama, halafu inakuja "ila". Salama, ila mtoto anaumwa. Salama, ila mvua zimegoma. Salama, ila tumefiwa.

Baadaye kwaya ikasimama kuimba "Nionapo Amani" kutoka Tenzi za Rohoni, kama inavyoimbwa kwenye misiba mingi ya Kikristo nchini. Watu walilia, nami nililia. Kisha mhubiri mmoja mgeni akachukua kipaza sauti na kutuambia tufute machozi, kwa sababu mwenye imani haombolezi kama watu wasio na tumaini. Akasimulia kisa cha mtunzi wa wimbo ule, jinsi alivyopoteza kila kitu na bado akaimba. "Sasa wewe unalia nini?" akauliza. Hakumtaja mtu, lakini mama alijifunika khanga usoni, na hakutoa sauti tena mpaka jioni.

Niseme ukweli: baada ya siku ile sikukanyaga kanisani kwa miezi mingi. Ugomvi wangu haukuwa na Mungu. Ulikuwa na ile "wewe unalia nini". Niliamini kwamba wimbo wenyewe ndio uliompa yule bwana silaha. Hivi karibuni nilikifungua kile kitabu cha nyimbo ili kuhakikisha. Niliusoma wimbo kama ninavyosoma shairi lolote, bila kinanda, bila kwaya, neno kwa neno. Makala hii ni taarifa ya nilichokikuta.

Kwanza kisa, maana hakikwepeki. Horatio Spafford alikuwa wakili wa Chicago, Marekani. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji ule, na mali aliyokuwa amewekeza ikapata pigo zito. Novemba 1873 alimtanguliza mkewe Anna na mabinti zao wanne kwenda Ulaya kwa meli ya Kifaransa, Ville du Havre, yeye akabaki kumalizia shughuli zake. Usiku, katikati ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na nyingine iitwayo Loch Earn, ikazama kwa muda wa kama dakika 12. Walikufa watu 226. Mabinti wote wanne walikuwa miongoni mwao. Anna aliokolewa, akafikishwa Cardiff, na kutoka huko akamtumia mumewe telegramu ya kumjulisha kwamba amepona peke yake. Spafford akapanda meli kumfuata, na inasimuliwa kwamba nahodha alimwonyesha mahali ile meli ilipozamia. Wimbo ulichapishwa mwaka 1876, kwa tuni ya Philip Bliss, ambaye aliipa tuni hiyo jina la meli iliyozama. Mwisho wa mwaka huohuo Bliss naye akafa katika ajali ya treni.

Hapo ndipo wahubiri wengi wanapoishia. Lakini maisha hayakuishia hapo. Akina Spafford walipata mtoto wa kiume baada ya ajali, naye akafa kwa homa mwaka 1880. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waumini wenzao walianza kunong'ona: haiwezekani mtu apigwe hivi bila sababu, lazima kuna dhambi. Mwaka 1881 familia ikahamia Yerusalemu pamoja na kundi dogo la marafiki, wakaanzisha jumuiya iliyohudumia watu wa mji bila kuuliza dini zao. Spafford alifia huko mwaka 1888. Kwa maneno mengine, yule mtu wetu wa mfano hakuimba wimbo mmoja na mambo yakaisha. Alizika tena. Na akasemwa.

Tatizo ni kwamba kisa hiki kimekuwa kikubwa kuliko shairi. Tunakisimulia, tunatikisa vichwa, kisha tunaimba bila kusikia tunachoimba. Ukiliacha shairi liseme lenyewe, hasa kwa Kiswahili, linasema jambo tofauti kabisa na "usilie".

Chukua neno "shwari", lililo mwanzoni kabisa. Kwa Kiingereza, Spafford alitenganisha maji ya aina mbili: amani aliilinganisha na mto, huzuni na mawimbi ya bahari. Inaeleweka. Mtu aliyepoteza watoto baharini hawezi kirahisi kuitafuta amani majini mulemule. Mfasiri wetu hakuuleta ule mto. Alichagua shwari, ambalo ni neno la wavuvi na manahodha. Upepo ukilala, bahari ikatulia, hiyo ndiyo shwari. Kwa neno hilo moja Kiswahili kimerudisha amani palepale penye msiba: bahari iliyochafuka ndiyo hiyohiyo inayotulia. Na anayejua bahari anajua pia kwamba shwari haina mkataba. Ipo leo, kesho haipo. Mama yangu, mtu wa Mpwapwa, ameiona bahari mara mbili tu maishani mwake. Lakini neno "shwari" analijua, na anajua kwamba halidumu.

Hapo mfasiri anastahili pongezi, lakini mstari unaofuata anateleza. Yale mawimbi ya Spafford yanapotea, na mahali pake linabaki neno moja, "shida". Kwa kweli ni hasara. Shida ni neno tunalolitumia kwa foleni ya maji na kwa simu iliyoisha chaji. Haliwezi kubeba watoto wanne. Mwimbaji amepewa picha ya utulivu, hakupewa picha ya dhoruba. Nadhani hapa ndipo yule mhubiri alipopata mwanya: ukiita msiba "shida", ni rahisi kumwambia mtu aachane nao.

Ubeti wa pili unafidia. Kiingereza kinazungumzia uhakika unaomtawala mwimbaji wakati wa majaribu, kitu kinachomjia kutoka juu na kumshika. Kiswahili kinasema kwamba mtu atajipa moyo. Mwanateolojia anaweza kulalamika hapa: moyo si hutolewa na Mungu, binadamu anajipaje? Mimi naona Kiswahili kimesema kweli. Kujipa moyo ni kazi. Ni mjane anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko kwa sababu kuna watu wa kulishwa. Ule moyo haupo. Anautafuta, anajipa, na kesho yake anaanza upya. Tena angalia sababu ambayo wimbo unaitoa. Hausemi mtu ajipe moyo kwa kuwa mambo yatanyooka. Unasema ajipe moyo kwa kuwa Kristo ameuona unyonge wake. Ameuona. Mwimbaji hakuambiwa aufiche.

Ubeti wa tatu ulinisumbua kwa muda mrefu. Mtu yuko kwenye majonzi, ghafla anaanza kuzungumzia dhambi zake. Zimeingiaje? Nilikuwa naona kama ubeti umechomekwa ili wimbo uwe na mahubiri ya kutosha. Mpaka nilipoliona neno "laana". Kwa Kiingereza mwimbaji anasema tu kwamba haubebi tena mzigo wa dhambi. Mfasiri wa Kiswahili akaliweka neno laana, na kwa kuliweka akaugusa msiba wetu mahali panapouma. Nani hajui minong'ono ya matangani? Kuna mkono wa mtu. Kuna laana kwenye ukoo. Marehemu alimkosea nani? Marafiki wa Ayubu hawajawahi kukosekana msibani. Wanakuja mapema na wanaondoka wa mwisho. Wimbo unawajibu kabla hawajafungua mdomo: deni la dhambi lilishalipwa msalabani, kwa hiyo kifo hiki hakiwezi kuwa hati ya madai. Mtoto hakufa kwa sababu baba yake anadaiwa na Mungu. Spafford aliandika hayo kabla minong'ono haijamfika mwenyewe. Walipoanza kumsema, jibu lilikuwa limeshachapishwa.

Sasa tuje kwenye kibwagizo, maana hapo ndipo penye moyo wa wimbo. Kiswahili kimetumia "salama", neno lilelile la salamu, ambalo mama alilijibu mara mia chini ya turubai. Na kikaliwekea mipaka: rohoni. Hakuna aliyesema ni salama nyumbani, wala baharini, wala mfukoni. Ni mahali pamoja tu palipo salama, na kutajwa kwa mahali hapo ni kukiri kwamba kwingineko si salama. Beti ndizo "ila". Kibwagizo ni "salama". Wimbo mzima umejengwa kama mama anavyojibu salamu, kwa mpangilio uliogeuzwa: kwanza unasema ya kusema, halafu unarudi kwenye salama. Ukifuta beti ukabaki na kibwagizo, umebaki na uongo. Ukifuta kibwagizo ukabaki na beti, umebaki na kilio kisicho na pa kurudi. Yule mhubiri alitaka tuimbe kibwagizo tu.

Na hayuko peke yake. Vitabu vyetu vingi vya kutia moyo, na shuhuda zinazozunguka kwenye simu, zina umbo moja: niliteseka ukurasa mmoja, niliomba, kisha kurasa kumi na tisa za nyumba, kazi, ndoa na mtoto. Sidharau shuhuda, zipo za kweli, na zimewavusha watu. Lakini kama maandishi zina kasoro kubwa: zinamwogopa msomaji ambaye bado hajavuka. Aliyefiwa hatarudishiwa aliyekufa. Kitabu ambacho tumaini lake lote linategemea kurudishiwa hakina la kumwambia mjane.

Biblia yenyewe haina woga huo. Soma kitabu cha Maombolezo. Kina sura tano, na ule mstari maarufu wa rehema za Mungu kuwa mpya kila asubuhi, ambao tunaubandika ukutani na kwenye kadi, haupo mwishoni. Upo katikati, sura ya tatu. Baada yake mwandishi anaendelea kulia sura mbili zaidi, na kitabu kinafungwa na mashaka kama Mungu amewakataa kabisa. Mhariri wa siku hizi angeuhamishia ule mstari mwisho, auze vizuri. Mwandishi wa Maombolezo aliuacha katikati ya magofu, kwa sababu ndipo tumaini linapohitajika. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi: inaisha gizani, bila kugeuka, na bado imehesabiwa kuwa sala. Na Ayubu, baada ya kulaani siku aliyozaliwa na kumshitaki Mungu sura baada ya sura, ndiye Mungu anayesema kwamba amenena yaliyo sawa, huku marafiki waliomtetea Mungu wakikemewa.

Kwa hiyo, hukumu yangu kama mhakiki ni hii: "Nionapo Amani" kwa Kiswahili ni shairi zuri kuliko sifa zake. Lina udhaifu kwenye ile "shida". Ubeti wa mwisho, wa parapanda na siku ya kuja, unakimbia haraka kidogo kuelekea mbinguni kuliko nilivyokuwa tayari kukimbia. Lakini mfasiri aliyetuachia shwari, kujipa moyo, laana na salama alijua kwamba anaandikia watu wanaozika. Hakutuandikia wimbo wa kuzuia machozi. Alituandikia wimbo wa kulilia.

Nimeanza kurudi kanisani, nyuma kabisa, karibu na mlango. Siwezi kusema nimepata majibu. Nimepata mahali ambapo ninaweza kusema salama bila kudanganya, na kwangu hilo si dogo.

Wiki iliyopita nilimpigia mama. "Habari za huko, mama?" "Salama. Ila mahindi yamekauka, na jana nimemkumbuka baba yako sana." Nikampa pole. Kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu? Habari za Dar?"

"Salama," nikajibu, nikanyamaza.

Mama hakukata simu. Alisubiri, kisha akauliza, "Ila?"