Ladha Huzaliwa Sandukuni

Napenda chokoleti kupita kiasi, na kadiri ninavyoijua ndivyo ninavyozidi kuwastahi mafundi ambao mlaji hawaoni kabisa: wavundikaji wa kakao. Sifa zote humwendea mtengenezaji wa Ubelgiji au Uswisi. Naye anazistahili, ila ladha anaikuta imeshazaliwa shambani, ndani ya sanduku la mbao.

Pasua tunda la kakao utakuta mbegu 30 hadi 40 zilizogubikwa ute mweupe, mtamu, unaokaribia stafeli. Ute huo ni raha kuufyonza. Mbegu yenyewe ukiitafuna mbichi ni chungu, inakaza ulimi, ndani ina rangi ya zambarau, na chokoleti huisikii hata chembe. Kinachoigeuza ni kuvundikwa. Mbegu hujazwa sandukuni na kufunikwa kwa majani ya migomba au magunia, kisha vijidudu huingia kazini. Hamira ya asili hula sukari ya ute na kutoa pombe, na ute huyeyuka ukachuruzika kupitia matundu ya sanduku. Baadaye bakteria huigeuza pombe kuwa siki, na hapo lundo hupata moto hadi kukaribia nyuzi 50. Joto na siki huua kiini, mbegu isiweze kuota tena, na ndani yake hujengeka vitu ambavyo vikipata moto wa kukaangia ndipo hutoa ile harufu tunayoijua.

Vijidudu hivyo vinahitaji msimamizi. Mvundikaji hupindua lundo ili hewa ipenye, hutia mkono kupima joto, hunusa. Huchukua mbegu chache akazipasua kwa kisu: zikiwa zambarau tupu, bado, zikigeuka kahawia na kufanya mifereji, zimekaribia. Akizitoa mapema, chokoleti itabaki kali na kavu mdomoni. Akichelewa, zitavunda kwa uvundo usiofichika kwa sukari yoyote. Siku 5 hadi 7 za kazi hiyo, halafu mbegu huanikwa juani na kupinduliwapinduliwa mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 7 hivi.

Kakao ya Tanzania wengi wetu tunaihusisha na Kyela, na ni haki. Lakini mimi nina mapenzi na Mbingu, katika Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Huko kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, hununua mbegu za wakulima wadogo zikiwa bado na ute wake, ikazivundika zote mahali pamoja kwa uangalizi mmoja. Dandelion Chocolate ya San Francisco hutengeneza chokoleti kwa kakao hiyo na sukari tu, na bado ulimi unapata uchachu wa matunda. Hakuna tunda lililoongezwa. Uchachu ule ni kazi ya sandukuni, na kwangu hakuna ajabu ya chokoleti inayoipita hiyo.

Kiwandani nako kuna subira yake. Rodolphe Lindt alibuni mwaka 1879 mashine ya kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi hadi ikawa laini. Kisha kuna kuipoza kwa hesabu, maana siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita na fundi analitaka moja tu. Chokoleti nyeusi huiyeyusha kupita nyuzi 45, akaishusha hadi 27 au 28, akaipandisha tena hadi 31 au 32. Ikikubali, itang'aa, itakatika kwa mlio, na itayeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili wako. Ikishinda kwenye joto la Dar es Salaam, utaikuta na ukungu mweupe juu. Usiitupe, ni siagi yake imepanda juu, na haina madhara.

Watengenezaji wa chokoleti, nina ombi. Karatasini mnaandika asilimia ya kakao, mnaandika nchi, na wengine jina la fundi aliyekaanga. Andikeni pia ni nani aliyevundika, wapi, na kwa siku ngapi.