Kusikiliza Konono No 1 kwa Hedifoni na kwa Spika za Nyumbani

Makala haya yana lengo dogo: kusahihisha hukumu niliyoitoa mbele ya wanafunzi katika semina ya fasihi simulizi na muziki wa mijini. Siku hiyo tulikuwa tukijadili *Congotronics*, santuri ya kundi la Konono No 1 la Kinshasa, nami nikasema kuwa kazi ile ni makelele yanayojirudia, na kwamba sifa ilizopewa huko Ulaya zilitokana na ugeni wa wasikilizaji kuliko ubora wa muziki. Mwanafunzi mmoja wa lisansi aliinua mkono akauliza swali moja tu: «Mwalimu, uliisikiliza kwa kaske ao kwa bafle?» Darasa likacheka. Nikajibu kwa kaske, usiku, baada ya watu wa nyumbani kulala. Akasema asante, akaketi.

Ilinichukua siku kadhaa kutambua kuwa swali lile lilikuwa zito kuliko mhadhara wangu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita hedifoni, sisi wa Lubumbashi tumekizoea kwa jina la kaske, na spika kwetu ni bafle; yote mawili tumeyapokea kutoka Kifaransa. Katika makala haya nitatumia hedifoni na spika, kwa sababu yanaeleweka hadi Dar es Salaam, ingawa ninakiri kuwa ninapoandika spika bado masikio yangu yanasikia bafle.

Konono No 1 lilianzishwa na marehemu Mingiedi Mawangu, Mzombo aliyetokea upande wa mpaka wa Angola, aliyefariki mwaka 2015. Muziki wa asili ambao aliuchukua ulipigwa kwa pembe za ndovu katika shughuli za jamii yake. Yeye akauhamishia kwenye likembe. Lakini Kinshasa ni mji wa magari na masoko, na likembe ni chombo cha sauti ndogo, cha mtu na jirani yake. Basi mafundi wa kundi wakatengeneza vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari makuukuu, wakachonga maikrofoni kwa mti, wakaunganisha yote na vipaza sauti vyenye umbo la tarumbeta vinavyoitwa *lance-voix*. Likembe tatu, ya sauti nyembamba, ya kati na ya besi, zikaanza kunguruma na kukwaruza. Mkwaruzo huo haukutafutwa. Ulizaliwa na vifaa, na wanamuziki wakaukubali, wakaujengea nyimbo. Muziki wao ulirekodiwa mwaka 1978 na kutolewa Ufaransa na Ocora katika miaka ya 1980. Kisha Vincent Kenis akawarekodi upya, na Crammed Discs ya Brussels ikatoa *Congotronics* kati ya mwaka 2004 na 2005.

Je, huu ni muziki wa kielektroniki? Mtu wa sheria kali atasema hapana, kwa kuwa hakuna sinthesaiza, na kidole cha binadamu bado kinagusa ulimi wa chuma. Mimi ninasema ndiyo, kwa sababu moja. Gitaa la mti au ngoma huwa na sauti yake kamili kabla ya umeme, na spika huja kuikuza tu. Katika Konono, sauti tunayoijadili haipo kabla ya kupita katika kipaza sauti. Kipaza sauti ni sehemu ya chombo, kama ngozi ilivyo sehemu ya ngoma. Hali ni hiyo hiyo kwa Kraftwerk wa Ujerumani, ambao mashine zao hazisemi neno bila spika. Tukikubali hilo, njia ya kusikiliza huacha kuwa jambo la starehe na huingia ndani ya kazi yenyewe.

Sasa tuangalie njia hizo mbili. Spika mbili zinapowekwa mbele ya msikilizaji, kila sikio husikia spika zote mbili. Sauti ya spika ya kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha, baada ya muda usiofika hata elfu moja ya sekunde, hulifikia la kulia, ikiwa imepunguzwa kidogo na kichwa chenyewe. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, ubongo hujenga picha ya sauti mbele yetu, kana kwamba waimbaji wamesimama kati ya masanduku mawili. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alijengea msingi huo hataza yake ya mwaka 1931 iliyofungua njia ya stereo. Kisha huja chumba: kuta, saruji, pazia, kabati la vyombo, vyote hurudisha sauti kwa kuchelewa kidogo na kuichanganya na ile ya kwanza.

Hedifoni huondoa hayo yote. Sikio la kushoto hupewa upande wake tu, la kulia upande wake, na chumba hakipo. Matokeo yake ni kwamba picha ya sauti haikai tena mbele. Hukaa ndani ya kichwa, kwenye mstari unaotoka sikio hadi sikio. Jambo hili si siri. Hedifoni za stereo zilianza kuuzwa na John Koss huko Marekani mwaka 1958, na mwaka 1961 tayari Benjamin Bauer alikuwa ameandika namna ya kuchanganya kidogo pande mbili ili msikilizaji wa hedifoni apate kitu kinachokaribia spika. Lakini alipokuja Walkman wa Sony mwaka 1979 watu walipenda hali hiyo jinsi ilivyo, na nadhani wengi wetu leo tunaiona kuwa ndiyo hali ya kawaida ya muziki.

Kuna kazi zinazofaidika na hali hiyo. Chukua *Autobahn* ya Kraftwerk, ya mwaka 1974, ambayo wimbo wake mkuu unapita dakika 22. Wimbo huanza kwa mlango wa gari kufungwa na injini kuwashwa, na baadaye magari hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hedifoni gari hupita katikati ya fuvu la kichwa. Ni ajabu, na mara ya kwanza hutisha kidogo. Kwa spika za sebuleni mwangu gari lile lile hupita kati ya televisheni na dirisha, jambo la heshima lakini la kawaida. Hapo hedifoni zinashinda, na sababu yake ni kwamba barabara ile ilitengenezwa studioni, na msikilizaji wake ni mtu aliyekaa peke yake nyuma ya kioo. Besi ya Minimoog, hata hivyo, hubaki ndogo masikioni. Mtu huijua kwa akili bila kuipokea kwa kifua.

Hapa lazima niseme pia kwamba spika za nyumbani zina uongo wake. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina urefu wa karibu mita 7 hewani, na sebule yangu ina mita 4 tu. Sauti nzito za namna hiyo hugonga kuta na kurudi, zikijiongeza mahali pengine na kujifuta mahali pengine. Kiti kikiwa karibu na ukuta, besi hujaa hadi kuchosha. Kikivutwa katikati ya chumba, sehemu yake hutoweka. Nimekaa jioni nzima nikisogeza kiti, hadi mke wangu akauliza kama ninatafuta kitu kilichopotea. Hedifoni hazina ugonjwa huo. Anayetaka kujua besi iliyomo ndani ya santuri, na si ile iliyomo ndani ya nyumba yake, azivae.

Turudi kwa Konono. Nilipousikiliza wimbo wa «Paradiso» kwa hedifoni, niliusikia mkwaruzo wa likembe bila umbali wowote. Kile kilichokusudiwa kuvuka kelele za barabara kilikuwa kimewekwa sentimita moja kutoka kwenye ngoma ya sikio. Nikapunguza sauti, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Na nilipopunguza, nguvu ikaondoka, ukabaki mkwaruzo mdogo unaojirudia. Hukumu yangu ya «makelele yanayojirudia» ilikuwa maelezo sahihi ya nilichokisikia. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nilichokisikia ni Konono.

Baada ya semina nilisubiri siku ambayo umeme ulirudi mapema, nikafungua madirisha, nikaweka santuri ile ile kwenye spika, sauti ikiwa juu kuliko desturi ya nyumba yetu. Mambo matatu yalibadilika. La kwanza, mkwaruzo ulipata mahali pa kukaa. Hewa na kuta zilipunguza makali yake, na nikaanza kuusikia kama sehemu ya rangi ya noti, jinsi tunavyosikia vibati au visoda vinavyofungwa kwenye likembe za kijijini ili viitikie mguso wa kidole. La pili, likembe zilianza kufanya kazi pamoja. Sauti mbili zilizokaribiana zikikutana hewani hupigana, na kutokana na mapigano hayo huzaliwa kupanda na kushuka mithili ya pumzi; zikigawiwa kila moja sikio lake, mapigano hayo hufifia. La tatu, na ndilo lililonishinda kabisa, mwanangu mdogo aliyekuwa akifanya kazi za shule mezani aliacha kalamu akaanza kucheza, na mpishi wetu akaitikia kwa makofi kutoka uani, si juu ya pigo bali kati ya mapigo. Nikatambua kwamba katika muziki ule pameachwa nafasi ya makofi hayo. Kwa hedifoni nilikuwa nimeisikia nafasi hiyo kama upungufu, nikaiita uchovu wa mtunzi.

Wanafunzi wetu hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba hadhira ni sehemu ya fasihi simulizi, kwamba hadithi bila mwitikio wa wasikilizaji ni nusu hadithi. Tunawatoza alama wakisahau. Nami niliyewafundisha nilijifungia na vipande viwili vya plastiki masikioni, nikailaumu kazi kwa kukosa hadhira ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeifukuza.

Hata hivyo sitaki mwanafunzi wangu afurahi kupita kiasi. Mwenzangu mmoja idarani, ambaye Kikongo ni lugha ya mama yake, alikubali kuyaandika maneno ya nyimbo mbili. Kwa spika aliacha mapengo mengi. Kwa hedifoni, akirudisha nyuma mara kwa mara, mengi ya mapengo hayo yalijaa. Hakuna mtafiti wa maneno atakayeweza kuzitupa hedifoni. Lakini tulipoyasoma maandishi yake, tulikuta tamko moja amelipanga kama mshororo wa shairi, lenye mizani na kituo. Tukalisikiliza tena sebuleni kwangu, akacheka mwenyewe: lilikuwa amri kwa wachezaji, iliyorushwa juu ya ngoma, haina uhusiano wowote na ubeti uliotangulia. Hedifoni zilimpa silabi zote, zikamnyima umbali kati ya anayesema na anayeambiwa. Nadhani makosa ya namna hii yamo katika tasnifu nyingi kuliko tunavyodhani, kwa sababu wanafunzi wa leo hukusanya ngano na nyimbo kwa simu, kisha huzinakili kitandani wakiwa na visikizio masikioni, na hakuna ukurasa unaotuambia hivyo. Tunawadai jina la kijiji, umri wa mtambaji na tarehe. Namna ambavyo mtafiti mwenyewe alisikiliza hatuidai.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulikwepa. Spika zangu si *lance-voix*. Sebule yangu si uwanja wa Kinshasa, na Konono waliosimama mbele ya watu si santuri iliyochapishwa Brussels. Anayesema kuwa spika ni ukweli na hedifoni ni nakala atakuwa amesahau kwamba zote mbili ni nakala. Ninalikubali. Ila nakala hazilingani. Moja hubakiza hewa, umbali na miili ya watu wengine, hata kama ni hewa ya chumba kibaya. Nyingine huvifuta vyote vitatu na kutuachia maandishi safi. Kwa *Autobahn* maandishi safi yanatosha, pengine ndiyo kazi yenyewe. Kwa muziki uliotengenezewa vipaza sauti ili uwafikie watu waliosimama mbali, yanatupatia herufi bila sauti ya msomaji.

Kwa hiyo, neno «makelele» nililolitamka katika semina ninalifuta, na ninaomba waliolinukuu katika kazi zao walifute pia. Lile la ugeni wa wasikilizaji wa Ulaya ninaliacha wazi, maana sijui wao waliusikilizia wapi. Kuhusu kujirudia, bado ninaona kwamba «Paradiso» ingeweza kupunguzwa dakika mbili bila hasara; mwanafunzi wangu anasema hilo nalo linategemea kama mtu ameketi au amesimama, na tumekubaliana kulijadili mbele ya darasa, tukiwa na spika.