Uadimu na Thamani: Uhakiki wa Filamu Bubu ya Sherlock Holmes (1916)

Filamu ya Sherlock Holmes, iliyotengenezwa na kampuni ya Essanay ya Chicago mwaka 1916 na kuongozwa na Arthur Berthelet, ilihesabiwa kuwa imepotea hadi ilipotambuliwa katika hifadhi ya Cinémathèque française mwaka 2014. Wakusanyaji wa filamu walishangilia, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha William Gillette katika uhusika alioucheza jukwaani zaidi ya mara 1,000 tangu 1899.

Je, mvuto huo unatokana na kazi yenyewe au na uadimu wake? Kwa maoni yetu, uadimu umepewa sifa isiyo yake. Kama hadithi ya uhalifu, filamu hii ni dhaifu: mtazamaji anawajua wahalifu mapema, na matukio mengi yamefungiwa vyumbani kana kwamba pazia la jukwaa lingali linaning'inia. Kinachoiokoa ni Gillette. Katika onyesho la chumba cha gesi, wahalifu wanapomzingira, yeye hafanyi takriban lolote. Wengine wanarusha mikono na kukodoa macho, kama ilivyokuwa desturi; yeye anatulia, na utulivu huo ndio unaotisha. Jambo hili lisingeweza kuthibitishwa kwa picha za mnato wala kwa sifa za magazeti ya zamani.

Hata hivyo, kilichopatikana si kile walichokitazama Wamarekani mwaka 1916. Ni negativu ya naitreti iliyoandaliwa kwa ajili ya Ufaransa, ambako filamu iligawanywa katika sehemu nne na kuwekewa maandishi ya Kifaransa. Anayetafuta "nakala asilia" (neno ambalo wakusanyaji hulitumia kwa wepesi mno) anatazama maneno yaliyotafsiriwa na kurudishwa tena katika Kiingereza. Hali hiyo si ya ajabu: utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu zipatazo 11,000 za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la awali.

Kwa washauri wa sera, la msingi ni kwamba negativu hiyo tayari ilikuwa ghalani. Bajeti ya hifadhi isiyotenga fedha za kufungua makopo, kuyatambua na kuyaorodhesha huzalisha uadimu huohuo ambao wakusanyaji huulipia baadaye.